Safu ya Mwisho

Karakana ya Kashindye, Isevya, Tabora.
Karatasi ukutani, imegandishwa kwa uji wa muhogo:
hatari gani, nani apime, kwa vernia ipi.
Safu ya mwisho bado nyeupe.

Bushi za springi za Fuso.
Kipenyo thelathini; unywele juu, unywele chini,
zaidi ya hapo ni chuma chakavu.

"Pimeni kila ya kumi," mnunuzi kaagiza.
Nyamizi anafuta kumi, anaandika: kila moja.
"Tutakula saa ngapi?" Kashindye anaguna.

Hamjibu.

Ya saba ndiyo iliyolegea mteremko wa Sekenke,
na utingo alikuwa kitindamimba wa kwao.

Sasa safu ile: ikikosea, tufanyeje?
Kalamu inakwaruza, wino hautaki.
Zima mashine. Niite.
Hata usiku wa manane, niite.