Chupa ya Nakala

Bahari ilituishia siku ya kumi na moja,
na hatukuona mahali hasa.
Palikuwa na mkorosho, kisha mkorosho,
kisha askari wa mpakani anagonga muhuri kama anayeua nzi,
na Ruvuma chini ya daraja, ya kahawia,
haina habari na sisi.

Nyemo alikataa kupandisha kioo.
"Nikifunga tu, ile harufu itajua tumeondoka."
Basi Tunduru tuliipita nywele zikitupiga usoni,
Songea tukalala na mchanga ndani ya soksi,
na chupa ya lita moja na nusu,
maandishi yake ya Kireno,
tukaifunga mkanda kiti cha nyuma
kama mtoto wa watu.

Bibi Dorika ndiye aliyeagiza.
"Kitenge ninacho. Nileteeni maji yenyewe."

Mtera ilitudanganya kidogo.
Maji yalitandaa kushoto hadi macho yakachoka,
miti mikavu imesimama humo kiunoni,
na kila mti una ndege wake.
"Bahari!" Nyemo akapiga kelele,
kisha akanyamaza mwenyewe,
kama mtu aliyemwita mgeni
kwa jina la marehemu.

Mama mmoja alituuzia perege wawili wakavu.
Mmetoka wapi? Msumbiji.
Kuna msiba? Hakuna.
Biashara? Hapana, mama.
Sasa mlikwenda kufanya nini?
Nyemo akanitazama, mimi nikatazama magurudumu.
"Kuangalia," nikasema.
"Kuangalia," akarudia polepole,
akawafunga samaki kwa gazeti,
na chenji hakurudisha.

Chipogoro. Fufu. Manzase.
Majina yalizidi kuwa ya nyumbani
na sisi tukazidi kuwa kimya.
Nilitaka kumwambia dada yangu
kwamba asubuhi ile ya mwisho, alipokuwa majini
na kanga imemvimba mgongoni kama puto,
nilimwona ana miaka tisa.
Nikamwambia, "Punguza mwendo, kuna tuta."
Mpunguzi walikuwa wanavuna zabibu.
Mjini hatukusimama.
Tulinyoosha hadi Bahi, jua likiwa usoni.

Mbukwenyi, mbukwenyi, na kuku wakatawanyika.

Lazima ujue: ujana wake wote
bibi huyu aliukwangua mbugani,
ule udongo mweupe wa kiangazi,
akauchuja kwenye kibuyu kilichotobolewa,
akachemsha usiku kucha, moshi machoni,
apate chumvi ya kujaa viganja viwili.
Na maisha yote amesikia kwamba huko pwani
chumvi inalala tu chini, haina mwenyewe.

Akafungua chupa. Akanusa.
Akachovya kidole, akaonja,
akatazama ukutani muda mrefu.
Nyemo alikuwa ameshika simu, tayari kumpiga picha.

"Hii kaichemsha nani?"
"Hakuna, bibi. Iko hivyo hivyo."
"Ndiyo maana," akasema,
na kabla hatujauliza maana ya nini
aliimimina kwenye chungu cha mlenda,
nusu chupa nzima,
akakoroga.

Tulikula mawimbi kwa ugali wa uwele.
Ilikuwa chungu kidogo, na ilikwaruza meno.
Nyemo alilamba vidole kimoja kimoja,
taratibu, kama anayehesabu siku,
alipofika cha kumi akasita,
akaomba aongezewe.

Usiku nilikung'uta mazulia ya gari
maana kesho Ndahani analitaka, na analitaka safi.
Mchanga ukaanguka uani, mweupe juu ya mwekundu.
Asubuhi jogoo aliudonoa mara mbili,
akauacha.

Ile nusu ya maji iliyobaki
bibi aliwamwagia siafu mlangoni.
Chupa aliisuuza, akaiinamisha juani.
"Hii," akasema, akikaza na kulegeza mfuniko,
"hii mmefanya vizuri kuniletea."