Futi Nane

Nilinyoosha kidole mara moja tu,
na kidole kikishanyooshwa mbele ya Mweka Hazina wa kaunti
hakirudi tena ngumini.

"Mia mbili na kumi na nne," alisema Bwana Harju,
kikohozi kikiikata bei katikati.
"Mara ya kwanza." Ukumbi wa zimamoto ulinuka kahawa na soksi mbichi.
"Mara ya pili." Theluji ya buti zetu ilikuwa imeshageuka dimbwi.

Orodha ilikuwa na kurasa kumi na moja:
nyumba ya mjane aliyehamia kwa bintiye Arizona,
ghala la kanisa lililoishiwa waumini,
shimo la mgodi wa shaba, limejaa maji, linauzwa kama lilivyo.
Kila mstari na jina la mtu, na mbele ya jina, deni.
Kufa kufaana, tulisema,
tukacheka kidogo, pasipo kutazamana.

Mimi nilitaka ardhi.
Miaka ishirini na sita naendesha greda la kaunti,
nausukuma weupe kutoka mlango wa huyu hadi mlango wa yule,
sijapata kusimama pahali nikasema: hapa pangu.
Kipande nambari 407. Upana futi nane, urefu mia na thelathini.
Sikwenda kukiona. Februari nani huenda?
Mbuzi akiwa guniani, bei yake tamu.

Mei nikaja na kamba na kijana mpimaji.
Kigingi cha kwanza tulikipiga kando ya barabara,
cha pili kule chini, penye msonobari uliopigwa na radi.
Kamba ikanyooka juu ya nyasi,
ikafika kwenye ukuta wa magogo,
na haikupinda.

Sauna ya Aune Kangasniemi.
Babake aliijenga mwaka mgodi ulipofungwa,
alipokuwa na mikono na hana kazi.
Kaka mtu akarithi ule ukanda, akafia hospitalini Duluth,
na barua za kodi zikamfuata huko.
Tatu. Posta ilizirudisha zote.
Hakuna aliyemwambia Aune kwamba serikali huwaandikia maiti,
na maiti wasipojibu, huuza.

Kijana akapima tena, akakuna kisogo.
"Jiko lako. Mawe yako. Dohani yako.
Benchi lake."
Na mlango?
"Mlango unafungukia kwake."

Aune akatoka na ndoo, miaka themanini na moja, aproni ya kiume.
Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.
Aliishika risiti yangu mbali na macho,
akaisoma kwa sauti, pamoja na nambari ya simu ya kaunti,
pamoja na saa za kufungua ofisi.
"Mia mbili na kumi na nne?"
Ndiyo.
"Nilikuwa nazo," akasema, akarudi ndani.

Kwenye baa wakanipa ushauri bure:
mtoze kwa kila moto anaowasha.
Muuzie kwa elfu tatu, ana pensheni ya marehemu mume.
Sheria iko upande wako.
Iko, sikatai. Futi nane za sheria.

Desemba bili ikaja kwa jina langu: dola thelathini na nane.
Nililala nayo usiku mmoja tu.
Alfajiri nilikuwa wa kwanza dirishani, kofia mkononi,
nikamfanya karani aupige muhuri mara mbili.

Jumamosi ile moshi ulitoka kwenye dohani yangu,
na mimi nipo barabarani, ndani ya greda,
sijawasha kitu.
Nikazima injini. Nikabisha.

"Umeleta kuni?"
Nilikuwa nimeleta hati.
Nyumba ya wakili ni maili arubaini, na kuhamisha jina
kunagharimu kuliko nilivyonunua;
hayo nilikuwa nimeyapanga niyaseme vizuri.
Karatasi ilianza kulegea kwa mvuke kabla sijafungua kinywa.

"Vua buti," akasema Aune. "Panda juu, kule kwangu.
Na usiegemee ukuta wa kaskazini, umeoza.
Huo nao ni wako."