Umemwagilia?

Aprili, binti yangu Kagendo alileta unga na dawa zangu za sukari,
akaviweka langoni, akarudi nyuma hatua tatu
kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua.
Tukazungumza juu ya lango, kila mmoja na kitambaa chake mdomoni,
mimi "eeh?", yeye "nini?",
mpaka jirani wa Feizi Tatu akatujibu sote wawili.

Usiku ule nikaamua: najenga baraza.
Si ndani. Nje, pale penye mapipa
na mgomba uliogoma kuzaa tangu marehemu aondoke.
Viti viwili vya zege, vitazamane.

Fundi Marjani alikuja kutoka Isili,
mwiko ndani ya mfuko wa sukari, barakoa ya kitenge,
upande mmoja umeshonwa kwa uzi wa gunia.
Alinawa kwenye jerikani langu la kukanyaga,
akalisifu kama gari jipya.
Kisha akavuta utepe, ukuta hadi mgomba:
"Mita moja na nusu, Mama. Hata chafya itachoka njiani."

Siku tatu nilimtazama kwa dirisha.
Chai yake niliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikafunga mlango, ndipo aifuate.
Mimi, niliyelelewa katika nyumba ambamo mgeni alikula kwanza
na sisi watoto tukangoja shingo ya kuku.

Alichanganya kwa koleo: mchanga, kokoto, simiti,
maji kwa jicho tu. Pima maji aliitoa mwishoni
ili kumwonyesha Mungu, alisema, kwamba hakubahatisha.
Saa tisa alasiri alikuwa ameosha vyombo.
Ikifika saa moja usiku, mji huota meno.

Kiti cha kwanza kikasimama. Cha pili kikanifika magotini.
"Kesho namaliza," akasema.
Jioni hiyo hiyo, redioni, Isili ikafungwa:
hakuna kuingia, hakuna kutoka.

Alinipigia alfajiri. Hakutaja malipo.
"Umemwagilia?"
Nani?
"Zege, Mama. Zege ni mgonjwa wa homa,
akikauka haraka anapasuka.
Mfunike magunia, mpe maji asubuhi, mchana, jioni.
Siku saba. Kumi na nne ukiweza."

Kumi na nne.
Tukanyamaza, kila mtu upande wake wa simu.
Mwaka ule hiyo haikuwa namba ya ujenzi.

Basi nikawa muuguzi wa kiti.
Kata moja mgongoni, moja miguuni, gunia likitoa mvuke wa asubuhi.
Alipiga kila siku. Anaendeleaje?
Amelala. Hana nyufa? Hana.
Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa akikohoa.
Nilisikia. Sikuuliza.

Siku ya tisa hakupiga.
Nikamwagilia.
Siku ya kumi nikamwagilia mara tano,
mpaka maji yakavuka lango na jirani akalalamika.

Ya kumi na moja, ujumbe:
Pole mama salio liliisha. umemwagilia

Bila hata alama ya kuuliza.
Nilimtumia pesa kidogo kwa simu, kisha nikaketi sakafuni jikoni
kwa muda usiomhusu mtu.

Walipofunguliwa alirudi, amekonda, shati lile lile.
Hakusema nani alikuwa akikohoa.
Alikigonga kiti kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.
"Kimeiva."
Keti, nikamwambia.
Akaitazama suruali yake yenye chokaa.
Keti.

Chai niliileta mwenyewe, kwenye sinia,
nikaitua juu ya tofali, katikati ya ile mita na nusu,
nikarudi nikakalia kile kisicho na mgongo,
magoti yangu karibu na masikio.

"Hicho chako kimekaa vibaya," akasema.
Si ukimalize.
"Kesho."

Akapuliza chai. Redio nilikuwa nimeizima tangu asubuhi.