Mgeuza Njia

Kabla sijajua ninachotunga
iliniuliza jina.
Kisanduku cheupe, kishale kinapepesa:
Hifadhi kama nini?
Nikamwambia Nyamizi, mtoto hajazaliwa,
huyu anataka cheti.

Akacheka. Steshenari yake iko Isevya,
kati ya fundi viatu na muuza asali ya madumu,
nami nilikuwa nimelipa mia tano ya saa
nikae mbele ya kioo, nitunge.
Nilizoea daftari. Nilizoea kidole
kugonga meza: nane, pumzi, nane.
Lakini kwa Lugembe wanaoza binti
na shairi walilitaka la chapa.

Nikaandika jina langu, Misigalo.
Mstari mwekundu,
kama mwalimu wa darasa la tatu aliyeamka vibaya.
Chini pembeni ikanihesabia maneno: kumi na saba.
Nani kaiuliza maneno?
Mimi nadaiwa mizani.

*Nyuki haulizi njia, huifuata harufu.*
Sikuupenda. Nikatendua, nikatendua tena,
nikaweka:
*Nyuki haulizi njia, ua ndilo humwalika.*
Kisha nikaukumbuka ule wa kwanza, nikaurudia.
Haupo. Haukuwahi kuwapo.

Miaka kumi na tisa nimevuta wenzo
stesheni ya Tabora.
Treni ya Kigoma ikipita,
reli ya Mwanza hailiwi na mchwa.
Inalala palepale, inang'aa kidogo,
inangoja zamu.
Nilimwambia hivyo Nyamizi kwa ukali
kana kwamba ndiye aliyeiunda kompyuta.

Hakujibu. Aliomba daftari langu.
Mashairi hakuyasoma. Alisoma mikwaruzo:
neno lililokatwa mara mbili,
mshale unaopanda ukingoni,
doa la chai pale niliposhindwa.

Wiki mbili nikakuta pazia limeshushwa.
Fundi viatu akasema, huyo anakesha,
umeme wenyewe unarudi saa saba usiku.

Jumatatu akaniketisha.
Kioo kitupu. Hakikuuliza jina.
Chini ya meza, simu kuukuu
imefungwa kwa mpira wa baiskeli, inasikiliza.
Gonga, akasema.
Nikagonga. Nane, pumzi, nane.
Vidoto kumi na sita vikajipanga
kama viti vya wageni ambao hawajafika.
Nilichokikata hakikufutika, kilififia tu,
na mstari wa nyuki ukapasuka njia mbili,
harufu huku, ua huku,
zote mbili zikiwa na taa,
na mkono wangu, wallahi,
ukapapasa hewani kutafuta wenzo.

Harusini nilisoma wa ua.
Bibi harusi hakusikiliza, viatu vilimbana.
Wa harufu uko bado stesheni.

Nisiwadanganye, mashine bado ni jinga.
Jana niliandika *mtu*
nayo ikajaza kidoto kimoja.
Nikasema viwili. Nyamizi akasema
herufi moja bila irabu haiwezi kukalia kiti kizima.
Nikamwambia, hiyo inakalia,
tangu bibi zetu inakalia.
Tukabishana mpaka muuza asali akachungulia.
Mwishowe nikaacha maneno,
nikamgongea mezani polepole:
m.
tu.
Akavuta kibodi.