Mzigo Uliopitilizwa

Zamu yangu ya kufua mashuka ya wodi
inaisha saa nne asubuhi.
Saa nne asubuhi treni imelala.
Imelala pale Stesheni, milango wazi,
na paka wa mlinzi kajikunja kwenye kiti cha dirishani,
kile ambacho jana jioni watu wawili
walikigombea mpaka kifungo kikaruka.

Treni hii ni ya wenye saa mbili tu,
ya kwenda na ya kurudi.
Anayelinda benki usiku,
anayekoroga uji wa alfajiri,
mimi na vidole vyangu vinavyonuka klorini,
saa zetu hazimo kwenye karatasi
aliyoibandika Bwana Mchopa dirishani
kwa gundi ya unga wa muhogo.

Nilimuuliza. Akavua miwani.
"Mama Fidea, njia hii hawakuitandika kwa ajili yako.
Waliokuja na mataruma walifuata katani,
walifuata karanga, na ngozi za ng'ombe.
Mzigo haushuki njiani.
Mzigo hauna mtoto wa kumpitia shule."
Akavaa miwani, akarudi kwenye tiketi zake,
zote tatu.

Nikatembea hadi Kamata nikiwaza:
kumbe miaka yote hii
nasafiri kwa cheo cha gunia.

Mdogo wangu Evodi yuko Marekani,
mji wa baridi, jina lake linanikwama kooni.
Nilidhani huko reli inamfuata mtu mlangoni
kama mbuzi anayejua zizi.
Juzi katuma sauti, upepo unapuliza ndani yake:

"Dada, huku treni inatumwaga
katikati ya uwanja wa magari.
Magari mia sita, kimya,
hakuna wa kuuza hata kiberiti.
Kazini napaona ng'ambo ya barabara kuu,
nasoma mpaka herufi za bango,
lakini pa kuvukia hapapo.
Nilipanga chumba karibu na reli nikajiona mjanja.
Inapita bila kusimama.
Nimelipia kelele."

Nikacheka peke yangu, barabarani,
mwenye mkokoteni akanipisha
kama mtu anayempisha kichaa.

Maana nakumbuka siku ya kumsindikiza.
Tulipanda hii hii, jioni, sanduku kichwani.
Pale Karakata ndege zilionekana
kama viatu vya bei nyuma ya kioo,
karibu, karibu kabisa, na si vyetu.
Reli ikapita nyuma ya uwanja ikajifanya haijauona.
Tukashuka kwenye kokoto,
tukakodi pikipiki mbili:
moja yake, moja ya sanduku.
Ya sanduku ndiyo iliyofika mapema.

Sisemi waing'oe.
Mwezi uliopita umeme ulikatika kwa mashine za kufulia,
wakatuachia saa kumi na nusu,
nikaiwahi. Nikapata dirisha!
Mia nne tu, na hakuna foleni ya magari
itakayonila magoti pale Tazara.
Vingunguti ikapita na moshi wake wa nyama,
mtoto mmoja akanipungia kijiko.
Nikajisikia mtu wa mjini.

Baada ya Gongo la Mboto
nikaliona paa letu kwa nyuma.
Sikuwahi kuliona kwa nyuma.
Kanga yangu ya kijani kwenye kamba,
na lile tundu la bati
ambalo baba Fidea ameapa, kwa jina la mama yake,
kwamba alishaliziba.

Nikainuka. Nikashika bomba la mlangoni.
Treni haikunijua.
Ikaenda nalo paa langu kinyumenyume,
likawa kiganja, likawa ukucha,
mpaka ilipoona vema kusimama,
Pugu, gizani.

Nikarudi kwa miguu, nikihesabu mataruma,
viatu mkononi,
mzigo uliopitilizwa
unaojirudisha wenyewe.