Mshipa

Dundee, saa kumi jioni, na taa za barabarani zimekwisha kuwaka.
Ndani hatuzioni. Madirisha ya chumba hiki yako juu, karibu na dari:
yanaingiza mwanga, hayatoi macho.

Mwalimu Geddes anasema, leo nyuma ya paja.
Anaisukutua herufi r kooni kama maji ya chumvi.
Mzee tumemlaza kifudifudi tangu jana, tulimgeuza watu wanne.
Jina hatukuambiwa. Miaka themanini na moja, mapafu,
na kovu la zamani kwenye kidole cha shahada.
Mji huu ulisokota juti; labda ni mashine.
Labda ni mkebe wa samaki tu.

Ngozi. Mafuta ya manjano. Msuli mkubwa wa tako
tukaufunua kama ukurasa uliolowa.
Weka kisu chini, anasema Geddes. Vidole.
Nikaingiza vidole, nikaikuta.

Nilitarajia uzi. Vitabu vyote huichora neva kama uzi.
Hii ni kamba,
nene kama kidole gumba changu, bapa kidogo,
nyeupe isiyong'aa. Ukiivuta haikatiki.
Nikaijua, na si kwa kitabu:
ni katani iliyoanikwa kwenye waya, Korogwe,
safu kwa safu, kabla haijapigwa brashi.

Babu alikata mkonge miaka thelathini na miwili.
Kwake vyote vilikuwa mshipa:
wa damu mshipa, wa fahamu mshipa,
uliomvimba shingoni akikasirika, mshipa,
na ule uliomshika takoni asubuhi moja
ukateremka hadi kisigino kama maji ya moto.
Nyapara alimvua kiatu, akakitazama kisigino,
hakuona jeraha, akamkata siku tatu.

Nafuata kwa kidole.
Juu, inapita chini ya msuli mdogo wenye umbo la pea,
inazama kwenye nyonga, inajigawa mizizi mitano
inayoingia mgongoni baina ya pingili.
Humo ugwe wenyewe umeishia mapema, usawa wa mbavu za mwisho;
kinachoteremka ni singa tupu. Mkia wa farasi, wanauita.
Chini, karibu na goti, inagawanyika:
tawi la nyayo, tawi la muundi.
Na ndani ya kamba hii kuna chembe, moja, hai,
iliyoanzia kiunoni ikaishia kidole cha mguu.
Mita nzima ya kiumbe kisichoonekana kwa jicho.

Pingili ikiibana huko juu, kisigino ndicho kinacholia.
Kosa liko kiunoni, kilio kiko mguuni,
na ubongo, kilo moja na ushee,
wenyewe ukikatwa hauhisi kitu,
unapokea habari na kuamini anwani iliyoandikwa.

Ubongo tutauona mwezi ujao. Kuna msumeno.
Kwetu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Mzee wetu ana upara.
Nilicheka peke yangu; Fraser akaniuliza nini,
nikashindwa kufasiri.

Nje, upepo wa mto Tay unakata.
Nimesahau glavu. Vidole vimekufa ganzi,
naona ninashika simu lakini sisikii kama ninaishika.
Nampigia mama. Huko ni usiku, anabandua sufuria.

Mama, nasema, babu hakuwa anadanganya kuhusu mguu.
Nimeuona mshipa wake. Yaani, si wake. Wa mtu.

Kimya. Mfuniko unagongana na kitu.
Nani alisema anadanganya? anauliza.

Nilikuwa na miaka saba. Nilijua kuuiga mwendo wake,
ule wa kuburuta, mkono kiunoni,
na ndugu zangu walicheka mpaka wakakaa chini.
Yeye alikuwa dirishani.

Hakuna, mama, nasema.
Basi limefika, mlango umefunguka,
na mguu wangu, bila kuniuliza, umekwisha kupanda.