Herufi Chini ya Chokaa

Mvua ya Jinja ikipiga Barabara Kuu kwa ubavu,
ukuta wa namba arubaini na moja hulowa
na jina la zamani hupanda juu polepole:
kwanza tumbo la D,
kisha mguu wa M,
kisha nusu ya mtu
aliyeuza misumari, vitambaa, taa za karabai
na peremende za senti tano.

Jina hilo ni kazi ya babu yangu,
Yokosofati Owora, mchoraji wa vibao,
aliyeshuka garimoshi kutoka Tororo
na brashi tatu ndani ya soksi.
Kiingereza alikisoma kwa kubahatisha.
Kigujarati hakujua hata salamu,
ila herufi zake alizinakili bila kukosea,
zilizojikunja kama mikia ya vinyonga,
na Damji mwenyewe amesimama chini ya ngazi:
"Hapana, Owora. Hii iko kunja mguu. Kunja tena."

Ndicho Kiswahili tulichokulia Walukuba,
mlango kwa mlango kwenye nyumba za wafanyakazi:
Mlugbara wa kiwanda cha nguo, Mnubi wa Bombo,
Msamia wa reli.
Ngeli zilivunjika, lakini chumvi iliombwa
na ikatolewa.

Shangazi Nyaketcho husema ilikuwa siku ya themanini
kati ya zile tisini.
Baba alisema sabini na tatu.
Walibishana mpaka baba akafa.
Siku yoyote iwayo, Damji alimwita babu,
akamkabidhi kopo la rangi ya mafuta, nyeusi, halijafunguliwa.
"Andika jina upya."
Duka lilikuwa tupu. Rafu zilibaki na vumbi lenye kumbukumbu,
duara palipokaa makopo,
mstari palipolala majora.
"Upya, bwana? Na unaondoka?"
"Kwani maiti haioshwi?"

Babu akapanda ngazi.
Jumanne akapaka mkono wa kwanza.
Jumatano wa pili.
Alhamisi mlango haukufunguliwa.

Wiki tatu baadaye akaja mwenye duka mpya,
mtu wa viatu vizito.
Fundi yuleyule, ngazi ileile.
"Futa."
Babu akachanganya chokaa.

Hapo ndipo ukoo wetu hugawanyika.
Baba zangu wadogo huapa kwamba alizidisha maji makusudi,
ndoo tatu badala ya moja,
ili jina lipate kupumua.
Bibi, ambaye ndiye aliyeshika ngazi siku hiyo,
alicheka mpaka yakaonekana yale meno yake mawili:
"Lipate kupumua! Chokaa ilikuwa ghali.
Mwaka ule hata uji tuliuzidishia maji."

Tangu hapo nyumba imebadili wenyewe mara nne.
Ilikuwa ghala la magunia yasiyo na kitu,
ikawa ofisi ya chama fulani, kiti kimoja, hana mtu,
ikawa banda la video.
Sasa wanauza simu na makava ya simu,
na barazani kijana hukunjia mayai ndani ya chapati.
Juu kabisa, kwenye plasta, 1934 ipo bado.
Korongo amesimama juu ya tarakimu ya tisa
akiinyea miaka yote bila upendeleo.

Nimekuja na fimbo ya babu,
ile yenye tambara kichwani,
aliyoegemezea mkono usitetemeke.
Sijui kwa nini nimeibeba. Siwezi kuchora hata yai.

Mwenye duka ni mchangamfu. Ananiambia
mwezi ujao atabandika vigae vya kijivu,
kuanzia chini hadi kwenye dari ya baraza.
"Vigae havidai rangi," anasema,
"unafuta kwa kitambaa, basi."

Namuuliza kama leo itanyesha.
Anatoka nje, anatazama upande wa mto,
ananusa.
"Labda saa kumi."

Ni saa saba na nusu.
Naagiza chapati, mayai mawili, vitunguu vingi,
nakaa nikiuelekea ukuta.